Somo la msimu: Usitupe ngozi nyeupe ya chungwa



Msimu ukifika, machungwa mingi inaoza chini ya miti yetu hapa Kailo. Ile tunayokula, tunamenya, tunafyonza maji, tunatema makapi. Leo tuone ni kitu gani tunatupa.

1. Ndani ya tunda iko nini?

Vitamini C wengi wanaijua: chungwa moja la kadiri inakaribia kumtosha mtu mzima kwa siku. Lakini kuna kundi lingine, linaitwa flavonoidi. Mti unazitengeneza ili kujilinda na jua kali, wadudu na magonjwa. Katika chungwa na ndimu, iliyo nyingi zaidi ni hesperidini. Katika pamplemusi ni naringini, na ule uchungu unaousikia mdomoni unatoka kwake.

Katika maji ya tunda ziko kidogo. Nyingi ziko katika ngozi nyeupe chini ya ganda, na katika utando unaotenga vipande. Basi menya ganda la juu tu, acha ile nyeupe kidogo, kula kipande kizima.

2. Zinasaidia nini?

Mwaka 1936, Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria, alifikiri amepata katika ndimu kitu cha kuimarisha mishipa midogo ya damu. Akakiita vitamini P. Baadaye ilionekana si vitamini ya kweli. Lakini uchunguzi uliendelea. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa waliandika juu ya wanaume 24 wenye uzito wa kupita kiasi. Walipokunywa nusu lita ya maji ya machungwa kila siku kwa wiki 4, tansio yao ile ya chini ilishuka kidogo. Kinywaji kingine chenye hesperidini kilifanya vilevile. Watu 24 ni wachache. Tuseme ni msaada kwa mishipa, si dawa.

3. Ndimu juu ya sombe

Kwetu faida kubwa iko kwenye sahani. Sombe iko na madini ya chuma, yale yanayojenga damu, lakini mwili unapata shida kuyachukua. Vitamini C inausaidia. Kamua ndimu juu ya sombe ikishatoka motoni, sababu moto mwingi unaharibu vitamini. Mama mwenye mimba na watoto wadogo ndio wa kwanza kuhitaji hii. Chai usinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma.

4. Angalisho

Ndimu haiponyeshi malaria. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke senta ya afya siku ileile. Kumnywesha maji ya ndimu siku tatu na kungoja ni kumwacha aishiwe na damu. Maji ya matunda yanaweza kumfurahisha mgonjwa, lakini dawa ni ile ya muganga.

Pamplemusi inaweza kuongeza nguvu ya dawa fulani za tansio mwilini mpaka kupita kipimo. Ukiwa na dawa ya kila siku, uliza kwanza. Mwenye kidonda cha tumbo apunguze matunda yenye ukali.

5. Neno kwa wauzaji

Wanunuzi wanakataa chungwa la kijani, wanadhani ni bichi. Lakini kwenye joto kama la huku, usiku hauna baridi ya kutosha kugeuza ganda kuwa la njano. Chungwa linaweza kuiva na kubaki kijani. Kata moja mbele ya mnunuzi, mwonjeshe. Ila wewe pia uonje kabla ya kuchuma, sababu chungwa likishatoka mtini haliongezi utamu tena. Ukichuma bichi, litabaki bichi mpaka Kindu, na kesho mnunuzi hatakuamini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwenu, ni nani anakula matunda zaidi: watoto, ama matunda yote inaenda soko?
2. Mtoto akipata homa usiku, mnaanza na nini?
3. Kila nyumba inaweza kupanda mti mmoja wa ndimu karibu na jiko? Nani atatunza kitalu?

Andikeni majibu katika daftari ya koperative. Tutayasoma pamoja kwenye mkutano ujao.