Kuisoma Picha Darasani: Wauza Magazeti wa St. Louis, 1910

Picha ni zana ambayo mara nyingi hutumiwa vibaya. Mwalimu huiinua, huwaambia wanafunzi wanachopaswa kukiona, kisha huishusha. Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanafunzi wa Darasa la VI kutofautisha anachokiona na anachokidhania.

Maelezo kwa mwalimu

Lewis Hine alikuwa mwalimu mjini New York kabla ya kuajiriwa, mwaka 1908, na kamati ya taifa iliyopinga kazi za watoto nchini Marekani. Mwaka uliotangulia mabenki ya nchi hiyo yalikuwa yametikisika na kazi zikaadimika. Katika nyumba za maskini, senti za mtoto zilisaidia kununua chakula. Watoto walinunua magazeti kwa jumla, wakayauza rejareja barabarani. Hine aliwapiga picha na kuandika mahali, tarehe na, alipoweza, umri wao. Viwandani alikadiria kimo cha mtoto kwa vifungo vya vazi lake mwenyewe. Zaidi ya picha 5,000 za kazi hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Hatua za somo

1. Onyesha picha ya wavulana wa St. Louis, maelezo yake yakiwa yamefunikwa. Wanafunzi wataje wanachokiona tu: kofia, mavazi, sigara. Atakayesema, "Hawa ni wahuni," aulizwe: uhuni wenyewe uko wapi pichani?

2. Funua maelezo: Jumatatu, 9 Mei 1910, saa tano asubuhi. Nyamaza kidogo. Darasa litang'amua lenyewe kwamba saa hiyo watoto huwa shuleni. Picha ni ile ile, lakini swali limebadilika. Sasa si "Wana tabia gani?" bali "Kwa nini wako hapo?"

3. Vikundi vijadili: Ni nani aliyefaidika na kazi yao? Mpiga picha alikusudia nini? Ni kitu gani kisichoonekana? Wanafunzi watambue kwamba Hine alitaka kuwashawishi watu, na kwamba hata picha ya kweli imechaguliwa na mtu.

Tahadhari

Yamkini darasani mwako yumo mtoto auzaye maandazi au karanga kabla ya kengele kulia. Usimtaje, wala usimtake atoe ushuhuda. Akipenda kusema mwenyewe, asikilizwe kwa heshima. Somo linalomwaibisha mtoto mmoja limewapotosha wote.

Zoezi kwa mwanachuo

Chagua picha moja ya watu wakiwa kazini. Andika maswali matatu yanayojibika kwa kuitazama tu, na mawili yanayohitaji maelezo. Kisha fungua daftari la mahudhurio la darasa unalofanyia mazoezi ya kufundisha. Alama ya utoro ni kama picha iliyofunikwa maelezo: inaonyesha kwamba mtoto hayupo, haionyeshi aliko. Kabla ya kumwadhibu, uliza.