Maktaba za London na tahajia za jina moja

Mwanafunzi wa fakiltee yetu anayeandika kazi ya mwisho kuhusu fasihi ya Kiswahili atakutana mapema na maelezo haya chini ya ukurasa: muswada umehifadhiwa London. London wapi? Mji ule hauna maktaba moja inayoshika yote. Una maktaba za namna mbili, kila namna na sheria yake, na asiyezitofautisha atapiga hodi kwenye mlango usio wake.

Namna ya kwanza ni maktaba za umma. Mwanzo wake ni sheria ya 1850, iliyoruhusu mabaraza ya miji kutoza kodi ya nusu peni kwa kila pauni ili kuanzisha maktaba. Ajabu ni kwamba fedha hiyo haikuruhusiwa kununua vitabu! Ilitazamiwa kwamba vitabu vitatoka kwa wafadhili. Kosa hilo lilirekebishwa 1855. Tangu 1964 huduma hii ni wajibu wa mabaraza, si hiari tena. London ina manispaa 32, mbali na eneo la kale liitwalo City, na kila moja huendesha maktaba zake za mitaani. Humo mkaaji huandikishwa, huazima kitabu, akakipeleka nyumbani.

Namna ya pili ni maktaba za utafiti, na iliyo kubwa kuliko zote ni British Library. Ilizaliwa 1973 kutoka maktaba ya British Museum, ambayo yenyewe iliundwa 1753, na jengo lake la St Pancras lilifunguliwa kwa wasomaji 1997. Kwa sheria, kila mchapishaji wa Uingereza hupeleka huko nakala ya kitabu chake ndani ya mwezi mmoja. Hazina hiyo, yenye vitu zaidi ya milioni 150, imewekwa kwa ajili ya watakaosoma hata baada ya miaka mia mbili. Kwa hiyo kitabu hakitoki kwenda nyumbani kwa msomaji. Unapewa kadi bila malipo, unaagiza, unasomea chumbani, na mkononi una penseli, si kalamu ya wino. Sehemu kubwa ya vitabu imo Boston Spa, mbali sana kaskazini, hivyo aliyekuja London kwa siku moja bila kuagiza kabla anaweza kurudi mikono mitupu.

Mwezi wa Oktoba 2023 wavamizi wa mitandao waliishambulia maktaba hiyo na kudai fidia, ambayo haikulipwa. Hakuna kitabu kilichochomwa wala kuibwa rafuni. Hata hivyo kwa miezi kadhaa vitabu vingi havikupatikana, kwa sababu katalogi na mitambo ya kuagiza vilikuwa vimezimwa. Katalogi ilirudi kwenye intaneti Januari 2024 tu, tena ikiwa pungufu. Kitabu ambacho hakuna anayejua kilipo kimelala tu, hata kama rafu yake ni nzima.

Sisi wa lugha tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine, yaani tahajia. Chukua SOAS, chuo kilichofungua milango yake London mwaka 1917, ambako Alice Werner alifundisha Kiswahili. Maktaba yake ina miswada ya tendi kwa hati ya Kiarabu, mingine ikiwa imenakiliwa Lamu na Muhamadi Kijuma, aliyewaandikia wataalamu wa Ulaya kama Werner na Hichens. Atafutaye kwa neno «utenzi» peke yake atakosa mengi, maana Walamu husema «utendi»: palipo na z katika Kiswahili sanifu, lahaja yao katika neno hili ina d. Jina la Kijuma nalo huandikwa pia Kijumwa, na Muhamadi huwa Muhammad au Mohammed.

Jina la lugha yenyewe halina afadhali. Steere mwaka 1870 aliandika «Swahili». Kamusi ya Krapf, iliyotoka London 1882, ina «Suahili». Kwa Kiswahili cha kwetu Kongo jambo ni gumu zaidi, kwani wamisionari wa zamani walikiita Kingwana, kama afanyavyo Whitehead katika kitabu chake cha 1928. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Kisangani atakayeandika «Kiswahili cha Kongo» katika katalogi hataletewa kitabu hicho, ingawa ndicho kinachomhusu hasa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mashine, andika kwenye karatasi tahajia zote za neno lako: za lahaja, za wamisionari, za Kifaransa na za Kijerumani. Jaribu moja baada ya nyingine, na kila unachopata nakili namba yake ya rafu jinsi ilivyo, pamoja na herufi na vituo vyake. Baadhi ya miswada ya SOAS imepigwa picha na inasomeka kwenye intaneti. Ile isiyopigwa huombwa kwa barua, na mtunza maktaba atauliza kwanza namba hiyo.