Imamu wa mtaa anasomea wapi?

Madrasa hazijapungua Mchikichini. Mtoto wa muuza mitumba wa soko la Karume huanza alifu kabla ya darasa la kwanza, na mara nyingi hata hajabaleghe keshakhitimu Qur'an, kafanyiwa hafla, kapigwa picha na kanzu mpya. Suala la kujiuliza Waislamu ni hili: baada ya hapo anakwenda wapi yule ambaye kesho tutamsimamisha mihrabuni?

Kwa wengi hakuna pa kwenda. Tunamchukua kijana mwenye sauti nzuri na hifadhi ya kutosha, tunamkabidhi msikiti. Kuswalisha ataswalisha. Lakini uimamu si rakaa tu. Mfanyabiashara amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, bidhaa dukani na madeni. Anaitwa imamu. Anapaswa kujua kwamba gharama za mazishi na madeni hutangulia, kisha wasia usiozidi theluthi. Kwamba mke ana thumni, mama ana sudusi, na mafungu 17 kati ya 24 yanayobaki ni ya watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ajue pia kuwa msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Akibabaisha hapo, mashemeji wanabeba bidhaa na mjane anabaki na eda na watoto. Dhulma hiyo inapita mbele ya mtu tuliyemwita sheikh!

Wenzetu Wakatoliki wana Seminari Kuu pale Segerea, mwendo wa daladala tu. Hakabidhiwi padri parokia bila kusoma falsafa na teolojia kwa miaka isiyopungua 6. Sisemi haya kwa husuda, maana utaratibu wa namna hii tulikuwa nao zamani. Nidhamiya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067 na ambako Imamu Ghazali aliteuliwa kusomesha mwaka 1091, iliendeshwa kwa wakfu: mwalimu akilipwa, mwanafunzi akilishwa. Hapa kwetu Pwani, Habib Saleh aliijenga Riyadha ya Lamu, wanafunzi wakatoka mbali kwenda kusoma kwake, kisha wakarudi makwao kufundisha. Ndiyo maana hasa ya aya ya 122 ya Surat Tawba: katika kila kundi watoke wachache wakaielewe dini, halafu warejee kuwaonya watu wao.

Tunacho Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro tangu mwaka 2005, alhamdulillah. Lakini chuo hakimtafutii mhitimu msikiti. Kama hakuna msikiti unaomsubiri na mshahara, atatafuta ajira kwingine, na hatuna haki ya kumlaumu.

Misikiti kadhaa ya Kariakoo ina fremu za maduka. Kodi ya fremu moja iwekwe kwa mwanafunzi mmoja anayejulikana kwa jina, miaka minne, Lamu, Unguja au Morogoro: ada, chakula, vitabu na nauli. Pawe na mkataba wa maandishi kwamba akirudi atahudumia mtaa wake kwa mshahara unaoeleweka, si bahasha ya Ijumaa. Na fremu ya pili iwe ya binti, kwa sababu maswali ya hedhi, eda na unyumba akina mama wengi hawayapeleki kwa imamu.