Begi la Mtu na Kitanzi: Hukumu ya Kifo Hutenguliwaje?

Kila inapovuma habari kwamba kijana wa huku kwetu amekamatwa na unga huko Asia, maswali yanayofika mezani kwa wakili huwa yale yale. Nimeyajibu hapa nikiegemea kesi moja ya Malaysia, maana ndani yake mtu yule yule aliachiwa huru, akahukumiwa kunyongwa, kisha akaachiwa tena.

Mahakama ya rufani inapotengua hukumu ya kifo, huwa imemwonea mtu huruma?

La. Huruma huombwa kwingine, kwa mfalme au rais au bodi ya msamaha. Majaji wa rufani huuliza kama sheria ilifuatwa na kama ushahidi ulipimwa sawasawa. Kesi nyingi za unga hazina ubishi kuhusu begi wala kilichokuwamo. Mkemia wa serikali ameshapima, maofisa wa forodha wameshasema walichokiona. Kinachobaki ni kitu kimoja: mwenye begi alijua?

Na upande wa mashtaka unathibitishaje kilichomo kichwani mwa mtu?

Malaysia hawalazimiki kuanzia hapo. Sheria ya Dawa za Hatari ya mwaka 1952 inasema ukikutwa na dawa mikononi mwako, itachukuliwa kwamba ni zako na unazijua, hadi wewe mwenyewe uonyeshe vinginevyo. Dhana ya pili hutegemea mizani. Ukifikisha gramu 15 za heroini, 50 za methamfetamini au 200 za bangi, wewe ni msafirishaji, na kuanzia 1983 msafirishaji alikuwa na adhabu moja tu, kitanzi.

Mwaka 2014 bunge likaongeza kifungu kilichoruhusu dhana ya kwanza iwe msingi wa ya pili. Yaani mtu anadhaniwa kujua, na kwa kuwa amedhaniwa kujua anadhaniwa pia kusafirisha. Aprili 2019 Mahakama ya Shirikisho, iliyo ya juu kabisa kule, ilikitupa kifungu hicho kwa kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Kwa maoni yangu kilichelewa kutupwa. Mtu hanyongwi kwa dhana iliyopandishwa mgongoni mwa dhana nyingine.

Tueleze hiyo kesi.

Desemba 2014, mama wa miaka 52 kutoka Australia, mwenye watoto wanne, alishuka Kuala Lumpur akitokea Shanghai. Alikuwa anaunganisha ndege ya kwenda Melbourne. Mgongoni alikuwa na begi jeusi alilopewa na mtu asiyemfahamu, akaombwa alifikishe Australia. China alikwenda kushughulikia hati za kustaafu za "mchumba" wake, aliyejiita kapteni wa jeshi la Marekani na ambaye hakuwa amewahi kuonana naye ana kwa ana. Mapenzi yalikuwa ya mtandaoni tu.

Abiria wa kuunganisha hana haja ya kutoka nje. Yeye aliwafuata wenzake hadi uhamiaji, akafika forodha, akaweka mabegi kwenye mashine bila kusukumwa na mtu. Picha ikaonyesha kitu. Ndani ya mshono wa begi mlikuwa na kilo moja na ushei ya methamfetamini.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Mtu anayejua amebeba kilo ya unga katika nchi ya kitanzi, na aliyekuwa na njia ya kubaki ndani kusubiri ndege yake, kwa nini aende mwenyewe kwenye mashine? Mahakama Kuu iliona alitapeliwa kimapenzi, ikamwachia Desemba 2017. Serikali ikakata rufani. Mei 2018 Mahakama ya Rufani ikaona alijifanya kipofu makusudi, ikamhukumu kunyongwa. Novemba 26, 2019, majaji watano wa Mahakama ya Shirikisho wakatengua hukumu hiyo, naye akarudi kwao.

Mtu ameshaachiwa, serikali inakata rufani tena? Ni haki hiyo?

Hata Tanzania Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kupinga kuachiwa kwa mshtakiwa. Tofauti ni kwamba huko Malaysia mtu aliingia mahakamani asubuhi akiwa hana hatia, akatoka akiwa wa kunyongwa.

Kama mshtakiwa alidanganya polisi, si amejimaliza?

Mara nyingi, ndiyo. Lakini isikilize ya Singapore. Mnigeria mmoja alikamatwa 2011 na karibu kilo mbili za methamfetamini. Mahakama Kuu ilimwachia 2014, Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mwaka uliofuata, hasa kwa sababu ya uongo aliousema kwenye maelezo yake. Baadaye daktari wa akili akaeleza kwamba utotoni alishuhudia mauaji ya Wukari, kwao Nigeria, na kwamba vitisho vya kifo vinaweza kumrudisha katika hofu ile hadi akakana hata mambo yasiyo na maana kuyakana. Septemba 2020 mahakama ile ile iliyomtia hatiani ikamwachia, majaji wanne kwa mmoja. Jaribu kufikiria majaji wakiandika kwamba walichokisoma kama dalili ya hatia kilikuwa ni hofu.

Kutenguliwa ni kurudi nyumbani?

Si lazima. Kuna kutengua hatia, na kuna kutengua adhabu peke yake. Malaysia iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo Julai 2023, ikawaruhusu wafungwa waliokuwa wakisubiri kunyongwa, zaidi ya 1,000, waombe adhabu yao ipitiwe upya. Aliyefanikiwa aliambulia kifungo cha miaka 30 au zaidi, na viboko kama ni mwanaume aliye chini ya miaka 50. Vietnam nako, ambako Mkenya mmoja alihukumiwa kifo Machi 2025, bunge liliifuta adhabu hiyo Juni mwaka huo huo kwa kosa la kusafirisha dawa. Kuuza bado ni kifo.

Ndugu yangu amekamatwa leo. Nianzie wapi?

Usianze na kuchangisha "pesa ya kumtoa". Piga ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa, ila lazima aiombe. Mwambie aombe pia mkalimani kabla ya kutia saini maelezo yoyote.

Kisha tafuta simu yake ya zamani, barua pepe, na mazungumzo yote na aliyempa kazi, safari au mapenzi. Usifute hata yanayotia aibu. Hayo ya aibu ndiyo mara nyingi yanayoonyesha alidanganywa. Mpe wakili wa nchi ile yakiwa na tarehe zake, na muulize siku ya mwisho ya kukata rufani. Malaysia ni siku 14 tangu hukumu isomwe.