Nyungunyungu wa Mtoni na Kazi Yao

Watu wa Tarime na Serengeti waujua vema Mto Mara, utokao milima ya Mau katika Kenya na kuingia Ziwa Victoria. Walakini ni wachache wawajaliao nyungunyungu wembamba wakaao ndani ya tope lake.

Kila mwaka maelfu ya nyumbu hufa maji wavukapo mto huo, na viboko huacha kinyesi chao humo. Je, uchafu huo wote waenda wapi? Sehemu yake huliwa na mamba, ndege na samaki. Chembe ndogo hutua chini, na hapo nyungunyungu huanza kazi. Hula tope pamoja na vijidudu vilivyomo, na kulipindua kama mkulima apinduavyo shamba. Kisha wao wenyewe huliwa na samaki kama kambare. Hivyo kilichooza hurudi kuwa kitoweo.

Baadhi yao huzika kichwa topeni na kupunga mkia majini. Hao ni wekundu kwa sababu ya damu yao, iwezayo kushika hewa hata iwapo ni haba. Basi uchafu ukizidi, samaki hufa kwa kukosa hewa, bali wao huongezeka.

Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kwa hiyo yafaa kuzijua dalili mapema. Mvuvi achimbuaye tope akiona wadudu wa namna nyingi, ni dalili njema. Akiona wekundu hao tele peke yao, awaarifu maofisa wa maji. Hata hivyo, maji ya kunywa na yachemshwe siku zote.