Kupamba Nyumba Kipwani: Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Chama chetu kimenipa kazi ya kuandika somo juu ya nyumba na mapambo yake, nami nimeonelea niandike juu ya nyumba ya pwani, manake sisi wanafunzi wa hapa Mombasa tunaiona kila siku lakini majina ya vitu vyake hatuyajui. Muulize mwenzako kidaka ni nini. Atakwambia ni cha kudakia mpira!

Tuanze na Lamu, kwani huko nyumba za kale zimesalia nyingi, hata mji wake mkongwe ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo zina kikomo cha urefu, karibu mita tatu hivi, ndiyo sababu vyumba ni vyembamba lakini virefu ajabu.

Ukitoka njiani unakutana kwanza na daka, kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo wageni wa nje hupokelewa. Ukivuka mlango wa kuchongwa unaingia tekani. Hapa njia imepindwa makusudi, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione kitu. Kisha unafika kiwanda, yaani ua usio na paa, ambao ndio unaoleta mwanga na hewa. Baada yake ni misana, vyumba virefu vinavyofuatana, na mwisho kabisa ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Ukuta wa chumba hiki ndio unaopigwa picha sana, kwa kuwa umejaa vidaka (watu wa Lamu husema zidaka), vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Humo waliweka bakuli na sahani za Kichina na vitu vingine vya thamani.

Sasa angalia jambo moja. Karibu kila pambo nililotaja lina kazi. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga katika chumba kisicho na dirisha. Kidaka ni kabati lisilokula nafasi. Mwenye nyumba wa pwani alitafuta kwanza upepo, kivuli na stara, na uzuri ukaja humo humo. Baadhi ya mahoteli ya watalii huligeuza jambo hili miguu juu kichwa chini: hupachika nyavu za wavuvi, makasia na makombe ukutani, kisha hufunga madirisha na kuwasha mashine ya baridi. Isitoshe, kombe lile lilikuwa nyumba ya mnyama. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuokota makombe au kuvunja matumbawe.

Je, aliyepanga chumba kimoja afanyeje? Sisi tunakaa Majengo katika ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele na uani nyuma. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Wazazi wangu ni watu wa Ukambani. Dada yangu alipokaribia kuletewa posa, mama alikosa usingizi. Alitaka kuchukua makochi kwa mkopo. "Wageni wakikalishwa chini," alisema, "watasema tumeshindwa na maisha." Pesa za kulipia mkopo huo zilikuwa zitoke katika karo yangu ya muhula wa tatu. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Mwenye nyumba wetu ni mama mtu mzima, sote humwita Nyanya. Alichungulia chumbani akauliza, "Mwanangu, makochi utayaweka wapi, na hao wageni utawaweka wapi?"

Basi tukafanya kama alivyotuelekeza. Kabati lililoziba dirisha tulilisukuma hadi ukuta wa pili, na siku hiyo hiyo upepo wa kusi ukaingia. Miaka minne tulikuwa tumeuzuia wenyewe! Kuta tulizipaka chokaa iliyotiwa chumvi kidogo ili ishike. Ila chokaa huacha unga mgongoni, kwa hiyo pale wageni watakapoegemea tulitundika mkeka. Mlangoni tukaweka leso badala ya ubao kufungwa kutwa; hewa hupita na wa nje haoni. Lakini soma jina la leso kabla ya kuitundika. Ukiweka la mafumbo, jirani atadhani amesemwa yeye, na hapo utakuwa umepamba ugomvi.

Pembeni tuliweka mtungi wa udongo juu ya kigoda, penye kupita upepo. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje ya mtungi, yakageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Mwalimu wa fizikia alitufundisha hayo kwa michoro miwili. Nyanya alinifundisha kwa kunipa kikombe ninywe.

Mikeka tuliipata kwake pia, kwani yeye husuka. Kazi yake si ndogo, jamani. Ukindu huanikwa juani, ukachanwa vipande vyembamba, na unaotakiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka. Jamvi husukwa kwa miyaa, nalo ni gumu zaidi, kwa hiyo tulilitandika chini na mkeka juu. Nyanya anasema wanunuzi wamepungua tangu mikeka ya plastiki ijae madukani. Ile ya plastiki huoshwa kwa sabuni, sikatai, lakini ukiikalia saa ya adhuhuri utanyanyuka nayo.

Wageni walikuwa saba. Makochi yangekalisha watano. Mzee mmoja alikuwa na maumivu ya goti, akapewa kiti chetu cha pekee, nami nikakumbuka kiti cha enzi cha nyumba za kale: kiti kirefu cha mti mweusi, mgongo wake umesukwa kwa nyuzi, alichokalishwa mgeni wa heshima. Kumbe tulikuwa nacho cha kwetu! Posa ilipokelewa. Mama bado anatamani makochi, wala simlaumu, kukaa chini si kwa kila mgongo. Karo nayo ililipwa.

Ukinunua mkeka wa ukindu, usiukunje kama shuka, utakatika penye kunjo. Uviringishe. Ukilowa, uanike siku hiyo hiyo usije ukaota kuvu, na kila baada ya majuma mawili uukung'ute nje na kuukagua kwenye mishono ya ukili, maana huko ndiko kunguni hupenda kujificha.