Pikipiki Ikikohoa Baada ya Safari Ndefu: Pa Kuanzia Kuangalia

Wahudumu wengi wa bodaboda katika kaunti yetu ya Taita Taveta hubeba abiria wa safari fupi, dakika tano au kumi. Siku akitokea mteja wa kutoka Voi hadi Mtito Andei, karibu kilomita 100 za barabara kuu, pikipiki iliyoondoka ikiwa nzima hurudi ikikohoa, ikikosa nguvu na kuzima ovyo. Hili si jambo la kupuuza. Injini ikikata wakati unapita lori, wewe na abiria wako mnabaki upande usio wenu wa barabara. Tena sehemu kubwa ya njia hiyo imezungukwa na mbuga ya Tsavo, na hakuna anayetaka kusukuma pikipiki huko giza likiingia.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kabureta. Fundi anaifungua, anaisafisha, analipwa, na wiki ifuatayo hitilafu imerejea. Kabla ya kwenda gereji, jiulize: inasumbua wakati gani? Ni katikati ya mwendo wa kasi, au ni baada ya kusimama injini ikiwa moto? Jibu lako litamsaidia fundi kuliko maneno mengine yote utakayomwambia.

Tuseme inapungua nguvu baada ya nusu saa ya mwendo, inazima, kisha ukipumzika kidogo inawaka na kwenda vizuri. Ikizima tena, simama kando, usiwe karibu na sigara wala moto, ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani na pikipiki ikawaka upesi, tatizo ni kifuniko chenyewe. Kina tundu dogo la kupitisha hewa, na vumbi letu jekundu huliziba. Petroli inapotumika bila hewa kuingia kujaza nafasi yake, mafuta yaliyobaki hushindwa kushuka. Mjini huligundui kwa sababu unatumia mafuta kidogo na kusimama kila mara. Kuzibua tundu hilo hakuhitaji kipuri chochote.

Kifuniko kikiwa sawa, shuku koili. Koili iliyochoka hutoa cheche dhaifu ikipata joto, na ikipoa hurudi kama haikuwa na neno.

Iwapo shida ni kuwaka kwa taabu injini ikiwa moto, na kutetemeka ukisimama bila kuvuta mafuta, lakini asubuhi inawaka bila matata, mwambie fundi apime valvu. Chuma hutanuka kwa joto. Nafasi inayoachwa kwenye valvu ni ndogo mno, karibu unene wa karatasi au chini yake. Ikiwa imebanwa kupita kiasi, injini ikichemka nafasi hiyo huisha, valvu haifungi kabisa na nguvu inavuja. Hapa tuseme ukweli: wengi wetu tunapenda injini iliyo kimya, tunamwambia fundi akaze mpaka mlio uishe. Ukimya huo ndio unaounguza valvu. Kipimo kichukuliwe injini ikiwa baridi, ikiwezekana baada ya kulala usiku mzima, kwa kutumia kipimo cha bapa na namba zilizo katika kitabu cha pikipiki yako, si kwa kusikiliza.

Plagi nayo ina ushuhuda wake. Itoe ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta ni mengi kuliko hewa, kwa hiyo angalia chujio la hewa kwanza. Nyeupe kama chokaa ina maana injini inachemka kupita kiasi au hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Ikiwa imelowa oili, jiandae kwa gharama kubwa zaidi.

Oili yenyewe ipimwe kabla ya kuondoka, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare.

Na ikikuzimia njiani, toa pikipiki nje kabisa ya lami, msogeze abiria mbali na magari, uipe injini nusu saa. Usiimwagie maji ili ipoe haraka. Chuma chenye moto kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka.